Kauli zipi zinathibitisha hitimisho?

Soma swali hili polepole, maana limebeba mitego mingi utakayokutana nayo kwenye maswali ya aina yake.

Hitimisho: Baadhi ya wauza samaki si wavuvi.

A. Baadhi ya wauza samaki ni wanawake.
B. Wavuvi wote wana leseni.
C. Baadhi ya wauza samaki hawana leseni.
D. Wauza samaki wote wanalipa ushuru.
E. Wavuvi wengi ni wanaume.

Ni kauli zipi mbili ambazo, zikichukuliwa pamoja, zinathibitisha hitimisho hilo?

Maswali ya namna hii huja kwenye usaili wa kuandika wa nafasi za kazi, na ndugu zake wapo kwenye GMAT ya wanaoomba kusoma biashara na LSAT ya wanaoomba kusoma sheria Marekani na Kanada. Mtahiniwa mwenye haraka huchagua A na E. Jibu sahihi ni B na C, na ukielewa kwa nini A na E hazitoshi, umeshavuka sehemu ngumu kuliko zote.

Tuzichukue hizo A na E. Zinavutia kwa sababu zinafanana na tunachokijua: wanaoingia baharini na mitumbwi ni wanaume, na sokoni akina mama wamejaa na beseni zao. Kwa hiyo kichwa kinaruka moja kwa moja hadi kwenye hitimisho na kuridhika. Lakini kauli E imesema "wengi", haikusema "wote". Imeacha nafasi ya wavuvi wachache ambao ni wanawake, na hao wapo kweli. Unguja na Pemba, maji yakitoka, wanawake huteremka mwambani kutafuta pweza. Sasa jenga kichwani kisiwa kimoja ambacho wauza samaki wake wote ni hao hao wanawake wa mwambani, kila mmoja akiuza pweza aliyemvua mwenyewe, huku wanaume wakivua na kupeleka samaki wao kula nyumbani. Kauli A ni kweli katika kisiwa hicho. Kauli E nayo ni kweli, maana wavuvi wanaume bado ni wengi zaidi. Na hitimisho? Ni uongo: kila muuza samaki pale ni mvuvi. Kisiwa kimoja cha namna hiyo kinatosha kuliangusha jibu, hata kama hakipo kwenye ramani yoyote.

Jaribu kufanya hivyo hivyo kwa B na C. Kauli C inakuhakikishia kwamba yuko angalau muuza samaki mmoja asiye na leseni. Mshike huyo. Je, anaweza kuwa mvuvi? Kauli B inasema kila mvuvi ana leseni. Angekuwa mvuvi angekuwa nayo, naye hana. Basi si mvuvi. Geuza soko utakavyo, ongeza watu, punguza watu, hamishia Mombasa au Mwanza: maadamu B na C ni kweli, huyo mtu mmoja atabaki palepale, muuza samaki asiye mvuvi.

Hiyo ndiyo maana ya kuthibitisha katika mantiki. Kauli zinathibitisha hitimisho ikiwa haiwezekani hata kidogo zote ziwe kweli na hitimisho liwe uongo. Kulifanya hitimisho lielekee kuwa kweli hakutoshi, na kuliunga mkono hakutoshi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu maisha ya kila siku yanatufundisha kinyume chake, na hatuna makosa. Ukiona mawingu mazito unaanua nguo, huna haja ya uthibitisho. Mtihani lakini unauliza kitu kimoja tu: je, umebaki mwanya wowote?

Kabla ya kutafuta mianya, kuna kazi ya kuchambua ambayo inaokoa muda mwingi. Kauli tano zinatoa jozi kumi. Hakuna haja ya kuzipima zote. Anzia kwenye hitimisho. Lina makundi mawili: wauza samaki na wavuvi. Kauli moja lazima ilete kundi la kwanza, nyingine ilete la pili, na zote mbili zikutane kwenye kitu cha tatu, ambacho nitakiita kiungo. Wauza samaki wamo kwenye A, C na D. Wavuvi wamo kwenye B na E. Ushuru wa kauli D hautajwi popote pengine, kwa hiyo D imekufa papo hapo, hata kama ni kweli tupu. Leseni imo C na B. Jinsia imo A na E. Kutoka jozi kumi umebaki na mbili, na hujafikiri sana bado.

Kisha angalia ukanushi. Hitimisho la kukanusha haliwezi kutoka kwenye kauli mbili za kukubali, na hitimisho la kukubali haliwezi kutoka kwenye kauli yenye kukanusha. Hitimisho letu linakanusha ("si wavuvi"), na kauli inayokanusha waziwazi ni C peke yake. Angalia tu kwamba ukanushi unaweza kujificha: kusema mtu ni mwanamke ni kusema pia kwamba si mwanaume, ndiyo maana A haiwezi kutupwa kwa kanuni hii. Na kweli, kama E ingesema "Wavuvi wote ni wanaume", A na E zingethibitisha hitimisho barabara. Neno moja limebadilisha kila kitu.

Kanuni nyingine tatu zinafaa kuwekwa akilini. Kauli mbili zote zikiwa za "baadhi", hazithibitishi kitu. Zote mbili zikiwa za kukanusha, hazithibitishi kitu. Ya mwisho, na ndiyo inayowaangusha wengi, ni kwamba kiungo lazima kizungumziwe chote angalau mara moja. Mikarafuu yote inahitaji mvua, migomba yote inahitaji mvua, lakini hakuna anayesema migomba ni mikarafuu. Vitu vyote vinavyohitaji mvua havikuzungumziwa. Ilitajwa sehemu yake tu, na huenda mikarafuu imo kwenye sehemu hii na migomba kwenye ile.

Elimu hii ni kongwe. Aristotle aliipanga katika karne ya 4 kabla ya Kristo, na wanazuoni wa Kiislamu kama al-Farabi na Ibn Sina wakaipokea na kuipanua. Hoja za aina hii, zenye kauli mbili na hitimisho moja, zinaweza kupangwa kwa namna 256, na kwa hesabu ya kimapokeo ni 24 tu zinazothibitisha. Wanamantiki wa sasa wanakubali 15. Tisa zilizokataliwa zinategemea jambo ambalo halikusemwa: kwamba makundi yanayotajwa yana watu ndani yake. "Wanafunzi wote watakaochelewa wataadhibiwa" inaweza kuwa kweli hata kama hakuna hata mmoja aliyechelewa. Kwa hiyo soma maelekezo ya mtihani wako kuona kama yanasema chochote kuhusu hilo.

Maneno yanayotupoteza

Kosa la kwanza ni kugeuza kauli. Wazanzibari wote ni Watanzania. Watanzania wote si Wazanzibari. Hapo hakuna anayekosea, kwa sababu tunaijua nchi. Weka herufi, useme "A zote ni B", na ghafla watu wanaanza kusoma kana kwamba B zote ni A. Kauli za "hakuna" na "baadhi ni" zinageuzika salama: kama baadhi ya walimu ni wakulima, basi baadhi ya wakulima ni walimu. Za "wote" hazigeuziki, na za "baadhi si" hazigeuziki pia.

Kosa la pili linatokana na mazungumzo. Mtu akikwambia "baadhi ya wanafunzi wamefaulu", unaelewa kwamba wapo waliofeli. Kwenye mtihani wa mantiki "baadhi" maana yake ni angalau mmoja, na haizuii kuwa wote. Ukibeba maana ya barazani hadi kwenye chumba cha mtihani, utathibitisha mambo ambayo hakuna aliyeyasema.

La tatu linatuhusu sisi watumiaji wa Kiswahili hasa. "Wanafunzi wote hawakufaulu" ina maana gani? Mmoja ataelewa hakuna aliyefaulu hata mmoja. Mwingine ataelewa si wote waliofaulu, ila wapo waliofaulu. Na mimi mwenyewe hapo juu nimeandika "Watanzania wote si Wazanzibari", ukanielewa bila shida kwa sababu unajua ukweli wenyewe. Ukweli usipojulikana, sentensi hiyo ina mianya miwili. Mtunzi makini ataandika "hakuna mwanafunzi aliyefaulu" au "si wanafunzi wote waliofaulu". Wewe ukikutana na sentensi yenye utata, iandike upya pembeni kwa mojawapo ya namna hizo mbili kabla hujaigusa.

Ikiwa, basi

Aina ya pili ya kauli ni zile za masharti. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Peter Wason wa London alieleza jaribio ambalo limerudiwa mara nyingi mno tangu hapo. Mezani kuna kadi nne. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Unaziona E, K, 4 na 7. Kanuni ni hii: kadi ikiwa na irabu upande mmoja, ina namba shufwa upande wa pili. Ni kadi zipi lazima uzigeuze ili kujua kama kanuni imevunjwa?

Wengi husema E na 4, au E peke yake. Takriban mmoja kati ya kumi ndiye husema sawasawa: E na 7. Kadi ya 4 haina la kukwambia. Hata ukikuta K nyuma yake, kanuni haikusema konsonanti zisiwe na shufwa. Ila 7 ni witiri, na ukikuta irabu nyuma yake, kanuni imekufa.

Mwaka 1982 Richard Griggs na James Cox waliwapa wanafunzi wa Florida fumbo lile lile kwa sura nyingine: mtu anayekunywa bia lazima awe amevuka umri fulani. Nani akaguliwe? Takriban robo tatu walipatia. Nasi tungepatia. Askari wa trafiki akiambiwa kila anayeendesha bodaboda lazima awe na leseni, anajua wa kumsimamisha: anayeendesha, aonyeshe leseni, na asiye na leseni, aangaliwe kama anaendesha. Mwenye leseni aliyekaa kijiweni hahitaji kusumbuliwa, wala abiria. Ukishikwa na swali la masharti lenye herufi kavu, livalishe nguo za trafiki na mara nyingi litafunguka.

Kwa ufupi, kutoka "ikiwa P, basi Q" unaruhusiwa hatua mbili tu. P ipo, basi Q ipo. Q haipo, basi P haipo. Kutoka Q kurudi P hairuhusiwi, na kutoka kukosekana kwa P kwenda kukosekana kwa Q hairuhusiwi.

Kinachohitajika na kinachotosha

Hapa ndipo hata watahiniwa wazuri wa LSAT huchanganyikiwa, na naona inafaa kukaa kidogo. Chukua hoja hii ya Dar es Salaam, ambako Jangwani ni eneo la bondeni ambalo mabasi ya mwendokasi hulipitia: "Jangwani pamejaa maji. Kwa hiyo mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara hayatafika Kivukoni leo." Anayeijua Dar es Salaam hataona tatizo, maana Mto Msimbazi ukifurika, huduma huwa inasitishwa. Lakini hoja yenyewe ina pengo, na mtihani unaweza kuuliza kuhusu pengo hilo kwa namna mbili tofauti.

Namna ya kwanza: ni dhana gani ambayo hoja inaihitaji? Jibu mojawapo: "Mabasi hayo hayatapitishwa njia nyingine na kufika Kivukoni." Jinsi ya kuhakiki ni kuikanusha. Tuseme yatapitishwa njia nyingine na kufika. Hoja imeanguka, kwa hiyo dhana hiyo ilikuwa inahitajika. Je, inathibitisha hitimisho? Hapana. Huenda maji yatapungua saa sita mchana na mabasi yakapita palepale Jangwani.

Namna ya pili: ni kauli gani ambayo ikiongezwa inathibitisha hitimisho? Jibu: "Jangwani pakijaa maji, hakuna basi la mwendokasi kutoka Kimara linalofika Kivukoni siku hiyo." Hii inaziba kila mwanya. Ni kauli nzito kuliko hoja inavyohitaji, maana hoja inasema habari za leo tu nayo inazungumzia siku zote, lakini uzito huo si kosa. Swali la kinachotosha linapenda kauli nzito, zenye "kila", "hakuna" na "kamwe". Swali la kinachohitajika lina wasiwasi nazo. Watu wengi wamefundishwa kukimbia maneno makali kwenye mitihani ya kuchagua, na wanapoteza alama kwa kulikimbia jibu lenyewe. Soma swali linauliza lipi kabla ya kusoma majibu.

GMAT ina toleo lake la jambo hili kwenye namba. Unapewa swali na taarifa mbili, kisha unaulizwa kama taarifa ya kwanza inatosha peke yake, ya pili inatosha peke yake, zote mbili pamoja, kila moja kivyake, au hata pamoja hazitoshi. Je, namba n inagawanyika kwa 6 bila baki? Taarifa ya 1: inagawanyika kwa 4. Taarifa ya 2: inagawanyika kwa 9. Ya kwanza haitoshi, maana 4 yenyewe inakataa na 12 inakubali. Ya pili haitoshi, maana 9 inakataa na 18 inakubali. Pamoja zinatosha: namba hiyo lazima igawanyike kwa 36, kwa hiyo na kwa 6. Badilisha 9 uweke 10, na pamoja hazitoshi tena; 20 inakataa, 60 inakubali. Mbinu ni ile ile ya kisiwa cha pweza: tafuta mfano mmoja unaosema ndiyo na mmoja unaosema hapana. Na kumbuka kwamba taarifa inayokupa "hapana" ya uhakika nayo inatosha. Swali ni kama unaweza kujibu, si kama jibu linapendeza.

Imani zetu wenyewe

Adui mkubwa kuliko wote ni kile tunachokiamini tayari. Mwaka 1983 Jonathan Evans na wenzake nchini Uingereza waliwapa watu hoja zisizothibitisha kitu. Hitimisho likiwa la kuaminika, asilimia 71 walikubali kwamba limethibitishwa. Likiwa lisiloaminika, asilimia 10 tu. Hoja zote mbovu, tofauti ikiwa ni ladha ya hitimisho.

Ona: "Walimu wote wa hesabu ni watu makini. Baadhi ya watu makini huchelewa kulala. Kwa hiyo baadhi ya walimu wa hesabu huchelewa kulala." Inateleza vizuri. Sasa: "Mbuzi wote ni wanyama. Baadhi ya wanyama wana mabawa. Kwa hiyo baadhi ya mbuzi wana mabawa." Ni hoja ile ile, kiungo hakijazungumziwa chote, ila safari hii unaona. Ukiwa na shaka na hoja inayokupendeza, badilisha maneno yake, acha umbo, kisha uisome tena.

Malizia na hili, na ulifanye kabla ya kusoma jibu. Hitimisho: Mkutano wa kijiji hautafanyika Jumamosi. Kauli ya 1: mkutano ukifanyika Jumamosi, mwenyekiti atakuwepo kijijini. Ya 2: mwenyekiti akisafiri kwenda Dodoma, hatakuwepo kijijini Jumamosi. Ya 3: mkutano hufanyika tu ikiwa mtendaji amebandika tangazo. Ya 4: mwenyekiti amesafiri kwenda Dodoma. Ya 5: mtendaji amebandika tangazo.

Jibu ni 1, 2 na 4. Amesafiri, kwa hiyo hatakuwepo, angehitajika awepo kama mkutano ungefanyika, basi haufanyiki. Kauli ya 5 imewekwa ili ikutishe, kana kwamba inapingana na hitimisho. Haipingani nalo. Kauli ya 3 inasema tangazo linahitajika, haisemi kwamba linatosha, na karatasi inaweza kubaki ubaoni hata kama hakuna mkutano. Kama ya 5 ingesema mtendaji hajabandika tangazo, 3 na 5 zingemaliza kazi zenyewe, na safari ya Dodoma isingehitajika kabisa.